Hatari Zisizopigwa kwa Mizinga: Habari za Mlango wa Msumbiji



Tulisikiapo neno "usalama", wengi wetu hufikiri mara moja juu ya askari, bunduki na manowari. Nchi ikiwa na vitu hivyo husemwa kuwa ni salama. Ikivikosa, husemwa kuwa i wazi kwa adui. Maneno hayo si uwongo, lakini ni nusu tu ya kweli. Leo nataka kuwaeleza habari za bahari moja ambayo mataifa makubwa huitazama sana kwa ajili ya njia ya merikebu zao, hali wenyeji wake wamepatwa na misiba mingi ambayo haikuletwa na adui yeyote mwenye bendera. Bahari hiyo ni Mlango wa Msumbiji.

Mlango huu uko wapi? Mtu akitweka tanga Mtwara na kushika njia ya kusini, akaupita mdomo wa mto Ruvuma, huwa amekwisha kuingia. Upande wake wa kuume ni pwani ya Msumbiji, tangu Kirimba hata Beira na kuendelea. Upande wake wa kushoto ni visiwa vinne vya Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore, kisha ni kisiwa kikubwa cha Madagaska, ambacho wazee wetu walikiita Bukini. Urefu wa Mlango ni kadiri ya maili 1,000, na mahali palipo pembamba kabisa, kutoka bara mpaka Bukini, ni kadiri ya maili 250.

Watu wa huko si wageni kwetu. Zamani dhahabu ya Sofala ilipita njia hiyo kwenda Kilwa, na majahazi yalikwenda kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Hata leo watu wa kisiwa cha Ibo husema Kimwani, na watu wa Angoche husema Kikoti, nazo ni lugha zenye maneno mengi yanayofanana na ya Kiswahili. Lugha ya Ngazija nayo ni ndugu. Basi nisemapo habari za Mlango wa Msumbiji sisemi habari za mbali. Nasema habari za nyumba ya pili.

Sasa, kwa nini mataifa huitazama bahari hii? Kabla ya mwaka 1869 merikebu zote za Ulaya zilizokwenda Bara Hindi zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na nyingi zilipanda kaskazini kwa kupitia Mlango huu. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka huo, njia ya Rasi ikapungua watu. Lakini mfereji ni mlango mwembamba, na mlango mwembamba hufungika. Ulifungwa kwa sababu ya vita tangu mwaka 1967 hata 1975. Mwezi wa Machi 2021 merikebu moja kubwa, Ever Given, ilikwama ndani yake ikauziba siku sita. Na tangu mwisho wa mwaka 2023, merikebu ziliposhambuliwa katika Bahari ya Sham, makampuni mengi yalizirudisha merikebu zao katika njia ile ya kale ya Rasi. Baadhi hupita mashariki ya Bukini, lakini nyingine, hasa zichukuazo mafuta kutoka Ghuba ya Uajemi, hupita katikati ya Mlango. Tena mwaka 2010 iligunduliwa gesi nyingi sana chini ya bahari karibu na Ruvuma. Kwa hiyo haishangazi kwamba wakubwa wa dunia huwa na shauri juu ya bahari hii.

Iko hatari moja ambayo manowari huiweza, nami nitaitaja kwanza ili tuipe haki yake. Mwisho wa mwaka 2010 maharamia wa Kisomali walifika mpaka huko kusini, wakaiteka Vega 5, merikebu ya uvuvi ya Msumbiji. Mwezi wa Machi 2011 manowari za Bara Hindi ziliikuta baharini, zikawaokoa baadhi ya mabaharia. Lakini wengine hawakurudi kwao. Mwaka huo huo Afrika ya Kusini ilianza kupeleka manowari zake kulinda Mlango, na hatari ile ikapungua. Naam, mharamia ana mwili, ana mashua na ana bunduki. Mzinga waweza kumzuia. Lakini je, hatari zile zisizo na mwili?

Hatari ya kwanza ni tufani. Bahari ya Mlango huu huwa na joto jingi tangu Novemba hata Aprili. Maji yenye moto hutoa mvuke, mvuke hupanda juu, upepo huja mbio kuijaza nafasi yake, na kwa kuwa dunia inazunguka, upepo ule nao huzunguka, hata ikawa duara kubwa la dhoruba. Maadamu duara hilo lipo juu ya maji ya moto, huwa kama taa iliyo na mafuta. Likiingia nchi kavu, mafuta humalizika na taa hufifia. Wataalamu wa hewa wanatuambia kwamba bahari yazidi kupata joto miaka hii, na kwa hiyo tufani hupata nguvu zaidi na kumwaga mvua nyingi zaidi.

Mwezi wa Machi 2019 tufani iliyoitwa Idai ilianza karibu na pwani ya Msumbiji. Iliingia barani, ikaleta gharika mpaka Malawi. Kisha ikarudi baharini, kana kwamba imekwenda kuteka nguvu mpya. Ikageuka tena, na usiku wa tarehe 14 ikaupiga mji wa Beira. Watu zaidi ya 1,000 walikufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Maji yalipokaa juu ya mashamba, wengi walipanda juu ya miti na mapaa, wakangoja mashua siku kadha wa kadha. Baada ya maji ulikuja ugonjwa wa kipindupindu, hata ikalazimu watu zaidi ya 800,000 wapewe dawa ya kinga kwa muda wa siku chache. Kabla machozi hayajakauka, mwezi wa Aprili tufani nyingine, Kenneth, ilipita Ngazija na kuipiga pwani ya kaskazini ya Msumbiji.

Mwaka 2023 ilikuja Freddy. Hiyo ilianza karibu na Australia, ikaivuka Bahari ya Hindi yote, ikapiga Bukini, ikapiga Msumbiji, ikarudi Mlangoni, ikapiga Msumbiji mara ya pili. Ilidumu siku 36, wala haijapata kuandikwa tufani nyingine iliyodumu muda huo. Huko Malawi, nchi isiyo na pwani hata hatua moja, watu zaidi ya 600 walikufa, na mamia wengine walipotelea katika tope la milima. Basi mtu wa bara asiseme, "Bahari si yangu." Bahari haikumwuliza kabila lake.

Na tarehe 14 Desemba 2024 tufani Chido ilikiangukia kisiwa cha Maore. Wazee wa huko walisema hawakuona mfano wake, na wataalamu walisema ilikuwa kali kupita zote za miaka 90 iliyotangulia. Walioumia zaidi ni maskini waliokaa katika vibanda vya mabati mlimani. Sababu ya kukaa huko nitaieleza baadaye.

Hatari ya pili ni mafuta. Mafuta yakiwa ndani ya merikebu ni mali. Yakimwagika baharini ni sumu. Pwani ya Msumbiji ina misitu mikubwa ya mikoko, na katikati ya mizizi yake kamba hukulia. Kamba hao ni riziki ya wavuvi, tena ni mali ambayo nchi huiuza ng'ambo. Mafuta yakiingia katika mikoko hushikamana na tope na mizizi, wala hayafutiki kama doa la nguo. Huweza kukaa miaka mingi. Mwaka 1992 merikebu ya mafuta iliyoitwa Katina P ilitoboka karibu na Maputo, ikamwaga mafuta baharini, na ilipokuwa ikivutwa kupelekwa mbali, ikazama.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa kisiwa cha Morisi, mashariki ya Bukini. Tarehe 25 Julai 2020 merikebu Wakashio ilipanda juu ya mwamba. Haikuwa na shehena. Ilikuwa na mafuta ya mashine zake tu, kadiri ya tani 4,000. Siku kumi na mbili baadaye ilianza kuvuja, na tani kama 1,000 zikaingia katika maji safi ya pwani. Wenyeji hawakungoja. Walishona mifuko mirefu ya nguo, wakaijaza majani ya miwa, wakaitandaza juu ya maji ili kuyazuia mafuta. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba merikebu ile iliisogelea nchi ili watu waliomo wapate mawimbi ya simu za mkononi. Fikirini jambo hilo: kwa ajili ya simu, wavuvi wa pwani nzima walizuiliwa kutupa nyavu zao.

Hatari ya tatu ni wizi wa samaki. Kwa mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1982, kila nchi ya pwani ina haki ya samaki mpaka maili 200 za baharini kutoka ufukoni. Lakini haki iliyoandikwa katika karatasi haina macho usiku. Jodari ni samaki msafiri. Leo yumo katika maji ya Msumbiji, kesho yumo katika maji ya Ngazija, kesho kutwa yumo Tanzania. Merikebu ya wageni isiyo na ruhusa humfuata, humvua, humgandisha kwa barafu ndani ya tumbo lake, na huondoka bila kutia nanga katika bandari yetu yoyote. Mwezi wa Machi 2009 Tanzania ilifanikiwa kuikamata merikebu Tawariq 1 katika maji yake, nayo ilikuwa na samaki kadiri ya tani 300. Hiyo ilikuwa merikebu moja iliyoonekana. Mvuvi wa ngalawa hajui hesabu ya zile zisizoonekana. Ajualo ni kwamba kila mwaka humlazimu kwenda mbali zaidi apate kitoweo kile kile.

Tena wako wezi wa nyumbani. Wako wavuvi wenyewe watupao baruti katika mwamba, wakaua samaki wakubwa kwa wadogo pamoja na matumbawe ambayo ndiyo nyumba yao. Mwenye kubomoa nyumba ili apate kuku mmoja, kesho atafuga wapi?

Hatari ya nne huenda itawashangaza, kwa maana haikutoka baharini bali ilitoka katika ofisi. Mwaka 2013 na 2014 makampuni matatu ya serikali ya Msumbiji yalikopeshwa kadiri ya dola bilioni 2 na mabenki ya Ulaya. Sababu iliyotajwa ilikuwa njema: kununua mashua za kuvua jodari na vyombo vya kulinda pwani. Lakini sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilifichwa, hata Bunge halikuambiwa. Mashua za jodari zilikuja, na nyingi zikakaa bandarini Maputo pasipo kuvua samaki wa maana. Mwaka 2016 siri ilipofumbuka, Shirika la Fedha la Dunia na wafadhili wengine walisimamisha msaada, fedha ya nchi ikaanguka thamani, na vitu vikapanda bei sokoni. Mwaka 2024 aliyekuwa waziri wa fedha alihukumiwa New York kuwa na hatia katika jambo hilo. Tazameni ajabu yake: deni lililochukuliwa kwa jina la ulinzi wa bahari liliiacha nchi haina fedha za kuilinda bahari. Na miaka mitatu baada ya siri kufumbuka, Idai ikaja.

Hatari ya tano ni biashara ya magendo. Upepo ule ule wa kaskazi uliowaleta wafanyi biashara wa tende na mazulia, siku hizi huleta pia unga wa kulevya uitwao heroini, unaotoka pwani ya Makrani katika majahazi. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia ililikamata jahazi moja nje ya pwani ya Kenya, likiwa na kilo 1,032 za unga huo. Mzigo mwingine hushuka kusini zaidi, hata pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kisha huchukuliwa kwa njia ya bara. Mtu asidhani kwamba unga hupita tu kama mgeni wa njia. Mchukuzi mara nyingine hulipwa sehemu ya mzigo wenyewe, naye huiuza mtaani kwake. Na vijana wa miji yetu ya pwani wameharibika kwa hiyo.

Kisha ni magendo ya watu. Visiwa vitatu, Ngazija, Mwali na Nzwani, vilipata uhuru mwaka 1975. Cha nne, Maore, kilibaki chini ya Ufaransa. Kutoka Nzwani mpaka Maore ni maili 40 na kitu tu, na watu wa pande mbili ni ndugu wa damu. Tangu mwaka 1995 mtu wa Nzwani hawezi kwenda huko bila hati ya ruhusa, na maskini huipata kwa shida sana. Basi huenda usiku katika mashua ndogo ziitwazo kwasa-kwasa, zilizojazwa kupita kiasi. Wako wajawazito waendao kutafuta hospitali, na vijana waendao kutafuta kazi. Waliokufa maji katika njia hiyo fupi hukadiriwa kwa maelfu. Na wafikao, kwa kuwa hawana hati, hujificha katika vibanda vya mabati mlimani. Ndio wale niliowataja, ambao Chido iliwakuta.

Sasa mwaona, wasikilizaji, kwamba hatari hizi hazikai mbali mbali, zimeshikana mikono. Tufani huvunja mashua ya mvuvi, samaki wameibwa, basi hana cha kununulia nyingine, serikali ina deni, basi haina cha kumsaidia, ndipo huja mtu usiku amwambie, "Nichukulie mzigo huu," au "Panda mashua hii." Ukimkamata mvuvi huyo na kumfunga, umekamata mwisho wa kamba; mwanzo wake bado u baharini.

Je, dawa ipo? Ipo, ijapokuwa si moja. Juu ya tufani, dawa ya kwanza ni habari kufika mapema. Wataalamu wa kisiwa cha Reunion huzitazama tufani zote za upande huu na kutoa maonyo. Lakini onyo lisilofika kijijini ni kama barua isiyofunguliwa. Kwa hiyo katika vijiji vingi vya Msumbiji ziliundwa kamati za wenyeji, zenye filimbi, vipaza sauti, na bendera za rangi mbalimbali zionyeshazo tufani imekaribia kiasi gani. Bendera ile si kitu cha fedha nyingi, walakini huokoa roho. Dawa ya pili ni mikoko. Mikoko huvunja nguvu za mawimbi, hulea kamba, na hushika udongo. Akataye mikoko apate kuni za mwezi mmoja, huufungulia bahari mlango wa kijiji chake.

Juu ya wizi na magendo, dawa ni kuonana na kuambiana. Mwaka 2009 nchi za upande huu zilipatana huko Djibouti kusaidiana juu ya uharamia. Mwaka 2017, huko Jeddah, zikayatia katika mapatano hayo pia uvuvi wa haramu, unga wa kulevya na magendo ya watu. Kiko kituo Bukini cha kukusanya habari za merikebu zipitazo, na kingine Shelisheli cha kupanga safari za ulinzi. Hayo ni mema. Lakini jicho la kwanza ni la mvuvi mwenyewe, maana ndiye aliye baharini usiku. Katika Tanzania na Kenya viko vikundi vya wavuvi vya kulinda fukwe zao wenyewe, na mahali ambapo wavuvi wamekataa baruti, baruti imenyamaza. Askari hawezi kukaa katika kila mwamba, jirani yuko.

Na juu ya deni la siri, dawa ni kuuliza. Raia ajuaye kusoma ana haki ya kuuliza fedha zilizokopwa kwa jina lake zilinunua nini, na kiko wapi. Swali hilo nalo ni ulinzi wa pwani.

Sikusema kwamba manowari hazina kazi. Nimekwisha kuwaonyesha kazi yake. Lakini merikebu za mataifa hupita Mlango wa Msumbiji kwa siku chache tu, kisha huenda zake. Wanaobaki ni mvuvi wa Ibo, mama wa Nzwani, mkulima wa Beira, na yule mkulima wa Malawi ambaye hajapata kuionja chumvi ya bahari. Mtu atakapowaambia kwamba bahari hiyo ni salama, mwulizeni: ni salama kwa nani? Kama ni salama kwa wapitao peke yao, bado kazi ipo.